Kaburi Kwenye Fungu Langu la Shamba

Ndugu yangu alinitambulisha kwa majirani kama mnunuzi wa maharagwe kutoka Butembo. Nilikuwa nimeshuka kwenye moto, pikipiki ya kukodi, dakika ile ile, suruali imejaa tope hadi magotini, kiuno kinaniuma, na sijamaliza hata kujinyoosha. Mama mmoja aliyekuwa akipita na bidoni ya maji mgongoni akasimama kunitazama. Mdogo wangu akamwambia bila kuulizwa, "Huyu iko mugeni wangu, mama. Anakuja kuangalia maharagwe." Mimi maharagwe nayajua yakiwa kwenye sahani tu. Maisha yangu yote ya utu uzima nililitumikia jeshi la maji la nchi yetu, na nilistaafu nikiwa na cheo kilicho sawa na cha kanali wa nchi kavu.

Sikumkanusha. Kazi yangu ilinifundisha kwamba mtu akianza kudanganya, mwache aendelee, kwa sababu mwishowe atajionyesha mwenyewe. Lakini yule hakuwa nahodha wa mashua ya magendo. Alikuwa mtoto wa mama yangu, wa pekee aliyebaki, na nilikuwa nimepanda mlima ule nikitaka kitu kimoja tu: kujenga nyumba kwenye fungu la shamba ambalo baba alinionyesha, na kuzeeka hapo nikiwa jirani yake. Nikaingia ndani.

Watu huniuliza mtoto wa Masisi aliingiaje jeshi la maji. Kwetu, kwenye milima ya upande wa Muheto, maji ni ya chemchemi na ya mvua isiyo na adabu, basi. Nilipojiandikisha sikujua kuogelea. Walinipeleka magharibi, kule mto mkubwa unakoingia baharini, na wenzangu waliozaliwa kandokando ya mto wakanicheka hadi wakatoa machozi. Waliniita mchunga ng'ombe. Nilikunywa maji mengi kabla ya kujifunza kuelea, na kwa hasira tu nikawa wa kwanza katika kundi langu. Baadaye niliongoza boti za doria Tanganyika, kisha ziwa Kivu, kisha nikawekwa ofisini kuwaamuru wengine waende kwenye baridi ambayo mimi nilikuwa nimeichoka.

Doria si kupigana. Ni kushuku kuanzia asubuhi hadi jioni. Mashua ya abiria inakuja, nahodha anacheka, anasema amebeba mihogo mikavu. Wewe huangalii meno yake. Unaangalia ubavu wa mashua, imezama kiasi gani, imelalia upande gani. Mihogo mikavu haiwezi kuizamisha mashua hivyo. Nilikuwa hodari wa jambo hilo, nasema bila kujisifu, au kwa kujisifu kidogo.

Siku moja tulisimamisha mashua iliyobeba jeneza. Wanawake walikuwa wamelizunguka wakiimba nyimbo za kilio, vitambaa vimefungwa kichwani, machozi yanatiririka. Mabaharia wangu walivua kofia. Mimi nikaona mashua imeinamia upande wa jeneza kupita uzito wa maiti mmoja. Nikaamuru lifunguliwe. Wanawake walinilaani mimi na tumbo lililonizaa, na mmoja wa mabaharia, Mkatoliki wa kweli, alikataa kugusa kifuniko, nikakifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na masanduku ya risasi. Nilipandishwa cheo kwa ajili ya jeneza lile, na tangu siku hiyo sikuamini kilio cha mtu yeyote.

Baada ya likizo yangu ya kwanza, miaka yote hiyo sikurudi tena nyumbani. Kila nilipopiga simu kusema nimepata likizo, mdogo wangu alikuwa na sababu. Barabara imekatika. Kuna mapigano Kitshanga. Watoto wana surua. "Usikuje sasa, kaka, nitakuambia muda muzuri," alisema, na muda mzuri haukufika. Mama alipofariki niliambiwa baada ya mazishi kupita. Nilimtukana ndugu yangu kwenye simu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye akasema mtandao ni mbaya, hasikii vizuri. Mimi nilikuwa namsikia hata akipumua.

Basi nilifika bila kumtaarifu, ndiyo maana alishtuka hivyo. Ukutani mwa sebule palikuwa na msumari mtupu mahali ambapo picha yangu ya sare nyeupe ilikuwa ikitundikwa. Watoto wake walinisalimia vizuri wakaniita papa mugeni, kama wanavyomwita mzee yeyote wasiyemjua; hakuna aliyewaambia kwamba mimi ni baba yao mkubwa. Shemeji yangu aliniletea chai akaiweka mezani bila kuniangalia usoni. Mdogo wangu alifunga mlango, kukiwa bado mchana mweupe, akaketi karibu nami.

"Kaka, hapa usiseme kama ulikuwa musoda. Na ile kofia yako ya jeshi, uibakishe mu sakoshi, chini ya nguo."

"Juu ya nini?"

"Nitakueleza. Kwanza upumuzike. Jumapili, tukitoka ku misa, nitakueleza yote."

"Leo ni Jumanne."

"Najua, kaka. Unisaidie tu mpaka Jumapili."

Ndani aliniita kaka, na tulipotoka nje nikawa papa. Mabadiliko hayo yalimtoka kirahisi mno, na hilo lilinikera kuliko uongo wenyewe. Nilianza kuhesabu mambo kichwani kama nilivyokuwa nikifanya kwenye maji: picha imeondolewa, watoto hawanijui, shemeji ananikwepa, majirani wamepewa jina la uongo. Nikajiambia kwamba ameuza fungu langu la shamba. Hapakuwa na maelezo mengine ya maana.

Siku iliyofuata alinipeleka sokoni ili uongo wake upate miguu. Pale kulikuwa na mfanyabiashara wa kweli kutoka Butembo, mwanamume mnene mwenye duka la chumvi, sabuni na misumari, ambaye magari yake yalisafirisha maharagwe ya nusu ya mlima. Akanikaribisha kwa furaha ya mtu aliyempata wa kwao, akafungua gunia, akangoja. Mimi nilikuwa nimesimama natazama moto iliyoegeshwa nyuma yake ikiwa na mizigo miwili ya makaa, kwa sababu gurudumu la nyuma lilikuwa limebonyea sana kwa makaa matupu. Ni mazoea, siwezi kujizuia.

"Papa," yule mfanyabiashara akasema polepole, "bantu ya maharagwe banaingizaka mukono mupaka chini ya gunia, juu ya kuona kama ya chini inaoza. Weye uko unaangalia pneu ya moto."

Nikaingiza mkono kwenye gunia haraka, nikatoa kiganja cha maharagwe, nikayanusa. Kumbe maharagwe hayanuswi. Akacheka, lakini macho yake hayakucheka, na mdogo wangu akanivuta kwenda zetu akisema mgeni amechoka na safari.

Alhamisi nikashuka mwenyewe kuliona fungu langu. Baba alikuwa amenionyesha mipaka nikiwa kijana, kutoka kwenye jiwe kubwa hadi kijito, na sikuwa nimesahau. Nilitegemea kukuta ua wa mtu mwingine, au ng'ombe wa tajiri fulani. Shamba lilikuwepo lote. Maharagwe yamepandwa, migomba imepunguziwa majani makavu, kazi safi. Na katikati ya migomba palikuwa na makaburi mawili. La kwanza lilikuwa la mama, lina msalaba wa mbao, nikapiga magoti hapo nikalia kama mtoto, sioni aibu kusema. Nilipofuta macho nikalitazama la pili. Halikuwa na msalaba wala jina. Lakini mawe yalikuwa yamepangwa kulizunguka, na magugu yalikuwa yameng'olewa juzi juzi.

Shemeji yangu alikuwa akichuma maharagwe karibu. Nilimwuliza, "Hii ni ya nani?" Akaacha kikapu chake chini na kuondoka. Mdogo wangu, aliyekuwa amenifuata, alisema ni ya muntu wa zamani.

"Muntu gani wa zamani? Baba hakuacha kaburi hapa."

"Kaka, wacha. Ngoja Jumapili."

Jasho lilimtoka na kulikuwa na baridi. Nilipima kaburi kwa hatua zangu alipogeuka. Lilikuwa refu na jembamba, na kichwani mwangu mashua ilikuwa imeinama tena. Kaburi lisilo na jina, linalopaliliwa vizuri, kwenye shamba la mtu anayeogopa kaka yake kujulikana kuwa askari. Usiku sikulala vizuri. Niliona kwamba ndugu yangu anawafichia silaha watu wa msituni, na ndiyo maana kwa miaka yote ile hakutaka nije. Nilimwogopa, na nilimkasirikia kwa kuwa nimemwogopa.

Ningengoja. Jumapili ilikuwa karibu, mbele ya pua yangu, na kungoja siku mbili hakujawahi kumwua mtu. Lakini nilikuwa nimezoea kwamba anayesema ngoja anataka kupata nafasi ya kuhamisha mzigo. Ijumaa asubuhi mdogo wangu alikwenda Mweso na gunia la viazi, shemeji akaenda shamba la mbali pamoja na watoto. Nikachukua jembe nyuma ya jiko.

Udongo wa Masisi ni mweusi na laini, hata mzee anaweza kuuchimba. Niliondoa mawe, nikaanza upande wa kichwa. Wanawake watatu waliokuwa wakipita njia ya juu wakasimama. Mmoja alikuwa yule wa bidoni ya siku ya kwanza.

"Papa! Uko unachimba kaburi ya bantu?"

Niliwaambia waende zao, ni kazi yangu. Hawakwenda. Niliendelea kuchimba mpaka nikasimama ndani kufikia kwenye mapaja, jembe likagusa kitu laini. Nilikuwa nimejiandaa kusikia chuma. Nikainama na kuondoa udongo kwa mikono. Palikuwa na blanketi lililooza, na ndani yake nyuzinyuzi nyeusi za kitu ambacho zamani kilikuwa mti, zimeshikana na udongo. Hapakuwa na mfupa wala bunduki. Na nyuzi zile zilikuwa zimevikwa koti.

Lilikuwa koti jeupe lililogeuka rangi ya chai, likiwa na vifungo vya shaba vyenye nanga. Kwenye kiwiko palishonwa kwa uzi wa bluu. Mama ndiye aliyepashona, kwa sababu hakuwa na uzi mweupe, nikiwa nimerudi likizo yangu ya kwanza na ya mwisho, nikamcheka kwamba ameniharibia sare ya serikali. Nilimwachia koti lile kwa kuwa lilikuwa limenibana mabegani.

Kwetu mtu akifa na maiti yake isirudi, watu hukata shina la mgomba lenye urefu wake, hulivika nguo zake, hulilaza sebuleni na kulilia, kisha hulizika. Nimeliona jambo hilo tangu utoto. Jirani yetu alifukiwa na udongo kwenye machimbo ya Walikale, na tulimzika hivyo, nami nilisaidia kubeba. Mtu yeyote wa mlima ule akiona kaburi lisilo na msalaba, lililotunzwa, karibu na kaburi la mama, angeelewa mara moja. Mimi niliyezaliwa hapo nilifikiria silaha.

Na nikapiga kelele. Mtu ambaye alifanya kazi miaka yote akiwa amefunga mdomo, siku ile akaufungua. "Hii koti iko yangu!" nililia, nikiwa nimelishika juu. "Ni mimi! Mama alinizika mimi!"

Wale wanawake walinisikia vizuri. Mmoja alijishika kichwa akasema, "Yesu wangu! Kumbe njo ule kaka yake, mwenye alizama mu ziwa!" Bidoni ikaanguka, maji yakamwagika kwenye njia, na wote watatu wakakimbia kuelekea sokoni. Nikawaita. Sikujua hata nawaita kwa nini.

Mdogo wangu alifika mchana. Habari zilikuwa zimemkuta njiani kabla hajamaliza kushuka kilima. Hakunifokea. Aliketi ukingoni mwa shimo, miguu akiining'iniza ndani, akaniangalia nikiwa bado nimekaa chini na koti mapajani.

"Walikuja mara ya kwanza," alisema, "bale bantu ya bunduki, benye banapiganaka na serikali. Waliuliza: kaka yako iko wapi, ule musoda wa mayi? Nikasema sijui. Wakanipiga." Akainua shati nikaona mgongo wake. Sikuwa nimeuona tangu tulipokuwa tunaoga mtoni. "Wakarudi tena. Mama akasema, tuseme alikufa. Bo wakasema, kama alikufa, kilio yake ilikuwa wapi? Njo tukafanya kilio."

"Nani alikata mgomba?"

"Mama. Alikataa muntu mwingine aukate. Alikuvika koti, akalia siku tatu. Nilimuambia, mama, inatosha, bantu bote banaamini. Akasema hawezi kuacha, hajui kuacha."

Nikamwuliza kwa nini hawakuniambia. Hapo akakasirika kwa mara ya kwanza.

"Muntu haambiwe kama alizikwa! Mama alisema ukisikia utakufa kweli. Na telefone, unajua nani anasikia? Wale bantu walienda, wengine wakakuja, wengine tena, na wote waliuliza swali moja. Nilikuwa nawaleta hapa, nawaonesha. Wanaondoka. Weye uko ndani ya udongo, siye tuko wazima. Nilikuwa nimeshaongea na padri, Jumapili akuje kukuombea hapa polepole, alafu nikuambie. Siku mbili, kaka. Ungengoja siku mbili."

Nilitaka kumwambia habari ya jeneza la ziwani, jinsi nilivyokuwa na haki siku ile, na nikaona haya. Nilimwambia, "Nilizani unaficha bunduki." Akatoa miguu yake shimoni, akasimama. Nadhani hapo ndipo nilipompoteza, si kwa kuchimba kaburi.

Shemeji na watoto waliporudi kutoka shambani, walianza kufunga mizigo saa ile ile. Sufuria, magodoro mawili, mbuzi mmoja, jembe nililochimbia. Shemeji yangu alikuwa akinipita kama mtu anavyopita kiti. Niliomba kwenda pamoja nao.

"Hapana," mdogo wangu alisema. "Wakituona pamoja, watoto yangu watakufa. Chukua moto, urudi Goma."

Nilirudisha udongo peke yangu, nikapanga mawe vibaya, kisha nikaondoka. Nilisikia baadaye kwamba watu wenye bunduki walifika siku ya tatu wakiuliza kuhusu maiti aliyefufuka. Walichukua mabati ya nyumba, wakakata migomba yote. Fungu langu halijauzwa hadi leo. Hakuna anayelilima.

Ilipita miezi kabla ya kujua walipo. Nilikwenda Kitshanga siku ya soko, nimevaa koti la mvua na viatu vya plastiki, nikaulizia kwenye kambi ya wakimbizi mpaka nikaonyeshwa kibanda chao, kimefunikwa shitingi nyeupe ya plastiki. Mdogo wangu alikuwa nje akichonga mpini. Alikuwa amekonda. Alipoinua kichwa aliniona, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Jirani yake, mzee mwenye fimbo, alikuwa ameketi karibu akiota jua, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Papa, karibu. Uko nani ya huyu?" aliniuliza yule mzee. "Munafanana."

Mdogo wangu aliendelea kuchonga. Hakunisaidia kujibu. Aliniachia mimi.

"Nilijua kaka yake," nikasema. "Ule mwenye alikufa mu mayi. Tulifanya kazi pamoja."

Kisu kikasimama. Mdogo wangu akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakipangusa kwa mkono wake, akaniwekea. "Kaa, mugeni," alisema. Kisha akaanza kumwelezea mzee habari za kaka yake: kwamba alikuwa mkali lakini mwenye moyo, kwamba aliwabeba wadogo zake mabegani kuvuka kijito wakati wa mvua, kwamba mama yao alimlilia mpaka sauti ikamkauka. Alisimulia vizuri, bila haraka, akinitazama mimi. Sikuwahi kusikia mambo hayo kutoka kinywani mwake.

Yule mzee alitikisa kichwa, akaninyooshea mkono. "Pole, papa," aliniambia. "Ulipoteza rafiki."

Nikaupokea mkono wake, nikasema asante.